Vilivyozama Navyo Viliundwa

Karatasi ni nyeupe. Penseli nimeichonga mara tatu
bila kuandika kitu.
Halmashauri inataka daraja la miguu pale Mkulumuzi,
la watoto wa shule, baiskeli, na wenye mizigo ya kichwani.
Mchoro wa awali tu, wamesema, ifikapo Ijumaa.
Leo Jumanne, na Chumbageni yote inanuka mvua.

Mtaka cha mvunguni,
basi nikainama.
Droo ya chini ya kabati la chuma haifunguki
mpaka uipige teke ubavuni; hilo nalo
mtu aliniachia, kama urithi.
Ndani: majalada ya marehemu Shekalaghe,
miaka thelathini ya kazi, imefungwa kwa kamba za katani.

Nikatafuta neno "daraja". Yakaja matano.
Moja lilikuwa pacha wa langu: mita kumi na nane,
mfinyanzi uleule, mto uleule, juu kidogo tu.
Moyo ukaniambia: nakili, Mwanahija, ukalale.
Nusura ninakili.
Lakini pembeni, kwa wino mwekundu:
"Lilikwenda na maji, Aprili. USIRUDIE, kwa sababu"

na hapo mchwa walikula.

Kwa sababu nini, Shekalaghe?
Nguzo fupi? Saruji ya kubania?
Fundi alikuhadaa, au mto?
Tundu lina ukubwa wa kidole gumba,
na kupitia humo naiona meza yangu.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa.
Wakanyamaza hapo hapo, wajanja.
Vilivyozama navyo viliundwa,
kwa rula kama hii, usiku kama huu,
na mtu aliyekuwa na hakika.

Jumatano nikaenda kivukoni.
Nikamkuta Kilua, anaosha pikipiki za watu kwa ndoo.
"Nilikuwa darasa la nne," akasema, sabuni mpaka kiwikoni.
"Si maji, dada. Maji yalikuwa yanapita zake.
Ni makapi ya mkonge kutoka kiwandani,
yalishuka yamesokotana kama godoro,
yakakumbatia ile nguzo ya kati.
Mto ukapata pa kuegemea.
Ukaegemea."

Nikarudi ofisini na tope mpaka magotini.
Teke la pili.
Safari hii sikutafuta "daraja". Nikatafuta "kukwama".

Likaja jalada ambalo nisingelifungua maishani:
mfereji wa kusafirishia nyuzi, kiwanda cha Pongwe.
Nyuzi zilikuwa zinajizongazonga kwenye mhimili wa katikati,
mashine inasimama mara nne kwa siku,
vibarua wanaingia na mapanga kukata.
Shekalaghe akaung'oa mhimili.
Akauning'iniza mfereji kwa pande mbili, chini peupe,
na pembeni: "Kisichokuwepo hakishikwi."
Hakuna aliyewahi kuliita hilo daraja.
Sidhani hata yeye.

Polepole lakini. Mfereji haubebi watoto.
Nyuzi haziruki-ruki zikitoka shule.
Nimeazima wazo; vipimo ni vyake na Pongwe,
vyangu nitavitafuta kwa kamba na jua la saa saba.

Alhamisi usiku mchoro umesimama:
kingo mbili, nyaya mbili, katikati hewa.
Mistari nimeipitisha kidogo kidogo, ya kufutika,
maana mweka hazina atauliza bei ya nyaya
na mimi sina jibu bado.
Huenda Ijumaa wakanirudisha kwenye nguzo.

Ila jalada jipya nimeshalifungua.
La Kilua limo, jina lake na ndoo yake;
la Pongwe limo; lile la Aprili nimelibandika na tundu lake.
Na "kwa sababu" yangu nimeiandika
katikati kabisa ya ukurasa, herufi kubwa.

Mchwa huanzia pembeni.